Namna ya kusimamia ujenzi wakati hela, bei, mvua na mawazo ya mwenye nyumba vinabadilika kila wiki

Miezi michache iliyopita saa tano usiku simu inaita, ni dada mmoja yuko Muscat namsimamia nyumba yake ya vyumba vitatu huku Chanika, ananiambia kaka samahani kwa usiku huu lakini nimewaza sana, mama amezeeka, usiku hawezi kuvuka sebule kufuata choo cha wote, tumuongezee chumba chenye choo ndani kwa upande wa nyuma. Wazo zuri, nani atamkatalia mtu chumba cha mama yake. Shida ni kwamba ukuta uko kozi ya tano, yaani mistari mitano ya tofali, mchanga uliopo hautoshi, fundi ana kazi nyingine anaianza mwezi ujao, na huko nyuma anakotaka chumba ndiko tulikochimba shimo la choo.

Sasa hii ndiyo kazi yenyewe. Mtu akikuuliza kusimamia ujenzi ni nini usimwambie ni kuhesabu mifuko ya saruji, mifuko hata mlinzi anahesabu. Kazi ni kuendesha kitu kikubwa chenye watu wengi na vipande vingi wakati nusu ya mambo hujayajua na nusu nyingine yanabadilika ukiwa usingizini. Nilijenga kwangu Kibaha kwa ratiba ya miezi minane, nimeichora vizuri kwenye eksel ina rangi rangi, nyumba ikaisha mwaka wa nne. Tangu hapo nimewasimamia wengine na nimebadilisha namna ya kupanga, naiandika hapa hatua kwa hatua. Ukiwa unaendesha mradi mwingine, kisima, shule ya chekechea, hata mfumo wa kompyuta ofisini, utajua mwenyewe pa kubadilisha majina.

Hatua ya 1. Tenganisha unachojua na unachokisia

Chukua daftari, counter book ile nene, gawa ukurasa mara tatu. Sehemu ya kwanza andika vitu ambavyo una uhakika navyo na una ushahidi, mfano ukubwa wa kiwanja umepimwa, kibali cha ujenzi kipo mkononi, ramani imesainiwa. Ya pili vitu ambavyo hujui lakini ukitoa hela kidogo au siku mbili tatu utajua. Ya tatu vitu ambavyo hata ukifanyaje huwezi kuvijua leo, bei ya nondo mwezi wa tisa, dola itakuwa ngapi, mwenye nyumba ataendelea na kazi yake huko aliko au mkataba utakatika.

Watu wengi wanaruka sehemu ya pili na hapo ndipo hela inapopotelea. Mfano udongo. Mtu anachukua ramani anampelekea fundi anaambiwa msingi utakula mawe tripu kadhaa na saruji mifuko kadhaa, wote wawili hawajawahi kuona chini ya lile jani kuna nini. Kumbe ukiwalipa vibarua wawili siku moja wakachimba mashimo matatu kwenye pembe za nyumba, kina cha mita moja na nusu hivi, unajua kama kuna mfinyanzi mweusi ule unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, unajua kama maji yako juu, unajua kama mtu alishawahi kufukia takataka pale. Kuna saiti moja Mbagala tulichimba tukakuta jalala la zamani, vyupa na matairi mita moja kwenda chini, na BOQ, yaani orodha ya vifaa na gharama, ilikuwa tayari imeshatumwa kwa mwenye nyumba ikaonekana nzuri kabisa. Siku moja ya vibarua wawili ilituokoa msingi mzima, na mwenye nyumba bado alilalamika kwa nini nimelipa watu kuchimba mashimo halafu nikayafukia.

Kwa hiyo sheria yangu ni kwamba sehemu ya pili ya daftari lazima ipungue kwanza kabla hujanunua hata tofali moja. Nenda kaangalie barabara ya kuingia saiti siku ya mvua siyo siku ya jua, lori la mchanga likikwama utalipa watu kubeba kwa ndoo. Ulizia nguzo ya umeme iko mbali kiasi gani. Ulizia majirani maji wanapata vipi, maana saiti isiyo na maji utanunua maboza mpaka ushangae. Kaonane na serikali ya mtaa, siyo kwa ajili ya barua tu, wale wanajua kiwanja gani kina kesi.

Sehemu ya tatu usihangaike nayo sasa hivi, hiyo ndiyo tunaipangia hatua zinazofuata.

Hatua ya 2. Panga vituo

Hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote, ukichoka kusoma soma hii tu.

Ratiba ya kawaida inakuambia msingi Januari, boma (yaani kuta) Machi, bati Mei, kuhamia Desemba. Ni nzuri kuangalia lakini haikuambii kitu cha maana kuliko vyote, yaani hela ikikata leo unaweza kusimama hapo ulipo bila kupoteza ulichojenga? Daladala haisimami katikati ya daraja, ina vituo. Mradi nao uwe na vituo, sehemu ambazo unaweza kushuka, ukakaa hata mwaka, ukarudi ukaikuta kazi yako nzima.

Kwenye nyumba ya kawaida ya tofali, ya chini, mimi naweka vituo hivi. Cha kwanza ni msingi umejazwa kifusi, umeshindiliwa na jamvi, ile sakafu ya zege, limemwagwa. Cha pili ni boma limefika kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, na zege lake limekauka. Cha tatu ni bati juu. Cha nne ni nyumba inayofungika na kukalika, yaani milango, grili, choo kimoja kinachofanya kazi, umeme hata taa mbili. Cha tano ndiyo mambo ya gypsum, vigae, rangi na makabati, na hicho cha tano kusema kweli kina vituo vidogo vidogo ndani yake kwa sababu unaweza kumaliza chumba kimoja ukahamia humo huku kwingine pako na plasta tu. Nusu ya Dar es Salaam imehamia hivyo.

Sasa kwa kila kituo andika maswali mawili. Nikisimama hapa mwaka mzima nini kitaharibika? Na kukizuia kisiharibike inagharimu nini? Jamvi likikaa wazi haliharibiki sana. Boma kwenye lenta linakaa, ila nondo zilizoachwa zikichomoza juu zitakula kutu, kwa hiyo zipake uji wa saruji au zifunge nailoni, na juu ya tofali za mwisho pita na udongo wa saruji mwembamba maji yasiingie kwenye matundu.

Lakini kati ya lenta na bati hakuna kituo. Hapo ni darajani. Kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba bati, zikiinuliwa zikakaa bila bati mvua mbili tatu zinajikunja, misumari inalegea, mchwa nao wanakuja, na mbao ndiyo kitu cha gharama kuliko vingi kwenye nyumba. Nimeona mapagale mengi sana yamekufia hapo, mtu alikuwa na hela ya mbao akasema tuanze tu bati Mungu atasaidia. Kwa hiyo usianze mbao mpaka hela ya mbao, bati, misumari na fundi vyote iko mkononi, siyo imeahidiwa, mkononi. Kituo cha tatu kinalipiwa nauli nzima kabla ya kupanda.

Na hii inageuka kuwa sheria ya mradi wote, usiondoke kituo ulichopo mpaka una nauli ya kufika kituo kinachofuata pamoja na chenji. Kuna methali inasema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, mimi kwenye ujenzi naikataa kabisa, hiyo methali imewafilisi watu. Vua shati kwanza, ingiza mguu, angalia.

Na usidhani ni kwetu tu masikini. Jengo la Opera la Sydney kule Australia, lile lenye mapaa kama matanga, walianza kujenga 1959 kabla hawajajua lile paa litajengwaje. Wanasiasa walitaka kazi ianze haraka ionekane. Matokeo yake nguzo za chini zilizojengwa zikaonekana hazitabeba paa, zikabidi zijengwe upya. Lilikadiriwa dola za kule milioni 7 na liishe 1963, likaja kufunguliwa Oktoba 1973 kwa dola milioni 102. Wale walikuwa na mainjinia bora duniani, kosa lao ni lile lile la fundi wetu wa mtaani, walijenga cha chini wakati cha juu hakijaamuliwa.

Hatua ya 3. Makadirio yawe namba tatu

Fundi akikuambia kupaua ni siku kumi na nne, muulize maswali mawili zaidi. Kila kitu kikienda vizuri ni ngapi? Atasema nane. Mambo yakiharibika kabisa, mvua, mbao zimechelewa, msaidizi kaumwa, ni ngapi? Hapo atacheka kwanza, halafu atasema hata arobaini. Hiyo arobaini ndiyo habari uliyokuwa unaitafuta, maana usingeuliza asingeisema.

Ukitaka namba moja ya kupangia, jumlisha ya heri, ya kawaida mara nne, na ya balaa, gawanya kwa sita. Hapo ni 8 na 56 na 40, jumla 104, gawa kwa 6 unapata siku 17 na kitu. Hesabu hii siyo yangu, jeshi la majini la Marekani walianza kuitumia mwishoni mwa miaka ya 1950 kwenye mradi wa makombora ya Polaris, ambao ulikuwa na vitu vingi ambavyo hakuna mtu duniani aliwahi kuvitengeneza. Ila usiiamini sana, faida yake kubwa ni yale mazungumzo na fundi kabla ya kugawanya.

Hela ya dharura usiweke asilimia ile ile kwa mradi wote. Mimi msingi naweka asilimia 20 kwa sababu ardhi ina siri, boma 10, kupaua 10, finishingi 25 na bado haitoshi kwa sababu huko ndiko mwenye nyumba anaanza kuangalia picha za Instagram. Na dharura fundi asiijue. Simaanishi fundi ni mwizi, ila hela inayojulikana ipo huwa inapata kazi.

Hatua ya 4. Andika siku ya mwisho ya kubadilisha mawazo

Mwenye nyumba atabadilisha mawazo. Usipigane na hilo, mtu anajenga mara moja maishani, anaona nyumba ya rafiki yake anatamani, mama anazeeka, mtoto wa tatu anazaliwa. Ukimwambia hakuna kubadilisha chochote atakuchukia, na wewe utajenga nyumba ambayo hataipenda. Unachotakiwa ni kumuonyesha mapema mlango gani unafungwa lini.

Mimi namtumia karatasi moja tu. Mahali pa vyoo na jiko, mwisho wa kubadilisha ni kabla ya jamvi, kwa sababu mabomba ya maji machafu yanalala chini yake. Idadi ya vyumba na kuta nzito, kabla ya kuseti msingi. Ukubwa wa madirisha, kabla ya lenta. Switchi na soketi, kabla ya plasta. Aina ya paa, kabla ya kununua mbao na bora zaidi kabla ya lenta. Rangi, milango ya ndani, vigae, badilisha hata mara kumi mpaka siku ya kununua. Akishaona hiyo karatasi anatulia, anajua anachotakiwa kuwaza mwezi huu na ambacho anaweza kukiwaza mwakani. Na wewe unapata uhuru mmoja mkubwa, usiamue leo kitu ambacho kinaweza kusubiri. Ukiamua vigae leo wakati bati bado, unaamua bila habari ambazo utakuja kuwa nazo baadaye.

Akileta badiliko baada ya mlango kufungwa, usiseme hapana na usiseme sawa. Mwambie nipe siku mbili, halafu mrudishie vitu vitatu kwa maandishi, hela kiasi gani inaongezeka, siku ngapi zinaongezeka, na nini kilichojengwa kitavunjwa. Aamue yeye, ajibu kwa maandishi. Siyo voice note. Voice note ya dakika nne ya mtu anayeendesha gari huko nje haiwezi kuwa mkataba, nimeshawahi kusikiliza moja mara sita na bado sikujua kama amesema choo kihame au kisihame, tukajenga, kumbe alimaanisha kisihame, tukavunja jamvi kwa nyundo siku tatu. Kila badiliko lipewe namba na liandikwe nyuma ya daftari na tarehe. Mwisho wa mwaka akiuliza kwa nini nyumba imepita bajeti unamfungulia huo ukurasa mnasoma wote taratibu.

Yule dada wa Muscat nilimrudishia njia mbili. Ya kwanza kuongeza chumba nyuma, msingi mpya na shimo la choo lihame, akaona hela. Ya pili kuchukua kile chumba cha wageni kilicho karibu na choo, tutoboe mlango kati yao kwa sababu ukuta ulikuwa bado kozi ya tano, tunaacha tu uwazi. Gharama yake karibu na bure. Alijibu kwa meseji ya neno moja.

Hatua ya 5. Bei

Bei za vifaa hazina adabu. Novemba 2020 saruji ilipanda ghafla nchi nzima mpaka Waziri Mkuu wa wakati huo, Majaliwa, akaingilia kati, watu wakasimamisha saiti. Mei 2022 lita ya petroli Dar ikapita shilingi 3,000 baada ya vita ya Ukraine, na mafuta yakipanda mchanga na kokoto vinapanda kesho yake kwa sababu vinaletwa na lori. Mwaka 2024 dola ilipita shilingi 2,700, halafu kufika Desemba ikarudi karibu 2,400, aliyekuwa anajenga kwa mshahara wa dola akajikuta nyumba yake imepanda bei hata kama dukani bei haikubadilika. Hakuna aliyetabiri vyote hivyo, na wewe usijaribu.

Unachoweza ni kujua kipi kinatunzika na kipi hakitunziki. Bati, nondo, mabomba, waya, hivi vinakaa, kwa hiyo ukiwa na hela leo na kituo kinachofuata ndicho kinachovihitaji, nunua vikae. Nondo zisilale ardhini, ziweke juu ya tofali uzifunike. Saruji hainunuliwi ya akiba ndefu, ikipita miezi mitatu inaanza kupoteza nguvu, na ikishika unyevu hata mwezi haifiki, iweke juu ya mbao, mbali na ukuta. Mchanga ukikaa nje masika unaondoka wenyewe. Vigae nunua vya chumba kizima mara moja na uongeze kidogo vya kuvunjika, ukirudi dukani baada ya miezi sita rangi haifanani hata kama jina kwenye boksi ni lile lile.

Ila kila unachohifadhi kinahitaji mlinzi, na mlinzi analipwa kila mwezi. Kuna mtu alinunua bati mwaka mmoja na nusu kabla, akaokoa hela nzuri kwenye bei, akailipa yote kwa mlinzi.

Mkataba na fundi uwe wa shilingi, tena kanuni za Machi 2025 zinakataza kutoza bei kwa fedha za kigeni humu nchini. Mwenye nyumba aliye nje yeye ndiye anabeba panda shuka ya dola, kwa hiyo mwambie atume hela ya kituo kizima ikae huku kwa shilingi, badala ya kutuma vipande kila wiki kwa bei ya siku hiyo.

Hatua ya 6. Mvua

Kwa Pwani na Dar, masika ni Machi mpaka Mei na vuli Oktoba mpaka Desemba. TMA, ile mamlaka ya hali ya hewa, wanatoa mwelekeo wa mvua kabla ya kila msimu, usome, ni bure. Vuli ya 2023 ilikuja na El Niño, na Mei 2024 kikaja kimbunga Hidaya wakati watu wameshaanza kusema masika yanaisha. Kwa hiyo kazi ya kuchimba na kupaua ipangie kati ya Juni na Septemba, na kazi za ndani ziweke kwenye mvua. Hata Bwawa la Nyerere kule Rufiji, mradi wa megawati 2,115, walianza kujaza maji Desemba 22, 2022 na mvua ndizo zilijaza, mtambo wa kwanza ukaanza kutoa umeme Februari 2024 wakati mpango wa awali ulikuwa ni kukamilisha yote Juni 2022.

Hatua ya 7. Jumamosi

Mpango wa kina, wa nani anafanya nini siku gani, andika wa wiki mbili tu mbele. Zaidi ya hapo ni hadithi. Kituo kinachofuata kijue kwa jumla, baada ya hapo jua jina lake tu.

Kila Jumamosi kabla ya kulipa, kaa na mafundi chini ya mwembe, dakika ishirini zinatosha. Kabla ya kulipa nasema, ukishalipa hakuna mkutano. Maswali ni yale yale kila wiki. Wiki hii tulisema tutafanya nini na tumefanya nini? Wiki ijayo nini kinaweza kutusimamisha? Kitu gani kimebadilika ambacho sijakijua?

Shida ni kwamba fundi wa kwetu hakuambii habari mbaya, hasa mbele ya wenzake, atakuambia inakwenda vizuri bosi mpaka siku lenta inapasuka. Ni heshima, siyo uongo. Kwa hiyo uliza kwa kuzunguka. Mimi nasema hivi, jamani tuseme mwezi wa sita umefika na hii kazi imeharibika vibaya, mwenye nyumba amekuja analia hapa, mnadhani itakuwa imeharibikia wapi? Hapo hakuna anayelaumiwa kwa sababu haijatokea, watu wanafunguka. Mtaalamu mmoja wa saikolojia Mmarekani, Gary Klein, ndiye ameifanya mbinu hii ijulikane maofisini, lakini chini ya mwembe inafanya kazi vizuri zaidi. Anza kumuuliza kibarua mdogo kuliko wote, fundi mkuu awe wa mwisho, ukianza na mkuu wengine wote watasema kama alivyosema mwalimu. Kijana mmoja wa kuchanganya zege ndiye aliyeniambia kokoto mpya zina vumbi sana, fundi alikuwa ameziona akanyamaza kwa sababu muuzaji ni shemeji yake.

Malipo yafuate kazi inayohesabika. Siyo asilimia 40 imeisha, asilimia hakuna anayeijua. Kozi tisa zimepanda pande zote, lipa kozi tisa. Picha zipigwe kutoka sehemu ile ile kila wiki, weka alama ya rangi chini pa kusimama, na futi kamba ionekane ndani ya picha. Mwenye nyumba aliye nje akiona picha kumi kutoka sehemu moja hahitaji kupiga simu usiku, au angalau anapunguza kidogo.

Hatua ya 8. Kubalianeni mapema mtasimama lini

Wakati wote wametulia, hela ipo, hakuna aliyekasirika, andikeni mambo matatu au manne ambayo yakitokea kazi inasimama kwenye kituo kilicho karibu bila mabishano. Mfano jumla ya vifaa vya kituo kinachofuata ikizidi makadirio kwa robo. Hela ya dharura ya kituo ikiisha kabla kituo hakijaisha. Mwenye nyumba akikosa kutuma miezi miwili mfululizo. Fundi mkuu akiondoka. Ukisubiri yatokee ndipo mjadiliane, kila mtu atasema tumalizie tu hapa kidogo, na hapo kidogo ndiyo darajani.

Fundi mkuu akiondoka, na ataondoka, kazi isiondoke naye. Ramani nakala moja ikae saiti na moja kwako, vipimo vyote vilivyobadilishwa viandikwe juu ya ramani yenyewe kwa kalamu nyekundu, na picha za mabomba na nondo zipigwe kabla ya kufunikwa na zege. Fundi mpya wa kwanza atakuambia kazi ya mwenzake mbovu, ivunjwe. Wote wanasema hivyo. Mpe ramani na picha, mwambie akuonyeshe kwa futi.

Hatua ya 9. Siku ya kusimama

Mkisimama, simameni kwa mpango, siku nzima itumike kwa hilo. Hesabu kilichobaki stoo mbele ya mlinzi na wote wawili msaini. Saruji iliyobaki iuze au mpe jirani anayejenga akurudishie mfuko kwa mfuko ukirudi. Funika nondo. Ziba mdomo wa shimo la choo kwa zege au mbao nzito, watoto wa mtaani wanacheza humo. Fyeka majani mita mbili kuzunguka nyumba, nyoka na mchwa wanapenda kivuli. Acha namba yako kwa mjumbe. Na kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari andika kazi tatu za kwanza za siku ya kurudi, kwa sababu baada ya mwaka hutakumbuka. Kwenye daftari la yule dada, ambalo lilifungwa wiki iliyopita tukiwa tumemaliza lenta na tunasubiri hela ya bati, nimeandika hivi: kagua mchwa kwenye fremu ya mlango wa nyuma, pima upya urefu wa paa kabla ya kwenda dukani, muulize mama anataka kitanda kielekee wapi kabla fundi umeme hajatoboa ukuta.